Majivu Kwenye Mabeseni ya Mackrine

Mackrine wa Rugu anafuga funza, na wala hafichi. Wamo kwenye mabeseni nyuma ya jiko, wanakula maganda ya ndizi na machicha ya rubisi, pombe ya ndizi. Wakinenepa anawamwagia sato wake bwawani. Mbegu ya funza hao aliihangaikia kiangazi kizima. Wakifa hao, sato wanakufa njaa, maana chakula cha dukani hawezi kukinunua.

Mumewe Byabato, mwanamume wa kuvaa suti hata akienda mnadani, anawaonea aibu funza hao. Senene anatafuna mpaka miguu inamkwama menoni, lakini funza, eti, wanamtia kichefuchefu!

Siku wakwe walipokuja kumposa binti yao Adelgunda, Mackrine alikwenda kuchota maji. Kurudi, akakuta mabeseni yamejaa majivu.

"Umefanya nini, Baba Adelgunda?"

"Nimesafisha. Wakwe wapite hapa waone funza? Si watasema tumemlea binti chooni!"

Ndivyo wafanyavyo wote huku: funza wakionekana chooni, mwaga majivu. Byabato hakuona tofauti ya choo na beseni. Kichwa cha kuvalia kofia tu kile.

Mackrine alimtupia ungo. "Chekecha."

"Na suti hii?"

"Na suti hiyo hiyo. Walio hai watie kwenye maganda mabichi. Ukizembea, hao wakwe utawapikia wewe."

Wakwe wakafika, wakamkuta mwenye nyumba amechuchumaa, pua imejaa majivu, anaokota funza mmoja mmoja. Mzee Kashaija, baba wa kijana, akainama kuchungulia.

"Mkwe, unatafuta nini humo?"

Byabato akafungua mdomo, ikatoka chafya.

"Anafukua chakula cha samaki alichokizika kizima," Mackrine akamjibia. "Karibuni ndani, baba. Yeye atakuja akimaliza."

Hakumaliza upesi. Waliokufa ni wa juu. Wanene walikuwa wamejichimbia chini kabisa kwenye machicha, kila mmoja wa kufukuliwa kwa kidole. Ndani, msemaji wa ukoo akaongea, posa ikakubaliwa, na hakuna aliyeuliza baba wa binti yuko wapi.

Mackrine akachota funza kiasi, akashuka bwawani. Sato wakayapasua maji, wakigombania. Kule juu Byabato alikuwa anaita watu wamletee sabuni.