Mmarekani Aliyekaa Kati Yangu na Baba Mkwe

Huko Bungoma nilikoolewa, mke wa mtoto hamsogelei baba mkwe. Hampi mkono, haketi karibu naye, hasemi naye moja kwa moja, na wakikutana kijiani humpisha hata ikibidi aingie kwenye mahindi. Mimi nilikulia Kibomet, Kitale, ambako majirani walitoka kila pembe na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumpisha mwenzake. Nilipofika Bokoli kwa wakwe zangu, mama mkwe alinifundisha sheria zote kwa mkupuo mmoja, nami nikanuna siku kadhaa.

Kabla ya kustaafu, baba mkwe alikuwa mkalimani wa korti mjini Bungoma. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya hakimu na mshtakiwa na kugeuza Kibukusu kuwa Kiingereza, Kiingereza kuwa Kibukusu. Kisha macho yakamfifia. Mwaka nilioolewa hakuweza tena kusoma hata kichwa cha habari gazetini. Alikaa barazani kutwa, chai ikipoa mbele yake, hataki kuongea na mtu. Ilinisikitisha sana, ingawa hata kumsikitikia nilitakiwa nifanye hivyo kwa mbali.

Mama yangu mzazi aliuza vitabu vya mitumba kando ya barabara Kitale. Mzungu mmoja aliyekuwa anahama shamba lake alimwachia katoni nzima, na ndani mlijaa vitabu vya Mmarekani mmoja, mwandishi wa riwaya na wa magazeti pia, mtu wa kupenda kuchokoza. Havikununuliwa. Wanafunzi walitaka vya mtihani, na walokole wakifungua ukurasa mmoja tu walikirudisha haraka kama wameshika sufuria ya moto. Nikavibeba kwenda navyo Bokoli.

Sasa nitamsomeaje mtu nisiyeruhusiwa kumkaribia? Mama mkwe ndiye aliyetatua.

"Wewe kaa ndani, hapo kwa dirisha. Mzee akae nje. Mimi nitakaa katikati na maharagwe yangu. Hakuna mtu ataona mwenzake."

Nilitaka kumkumbusha kwamba mzee haoni mtu yeyote, awe karibu au mbali. Nikaenda kuketi dirishani.

Tulianza na riwaya ya vita aliyoiandika akiwa kijana. Ilikuwa na wanajeshi kisiwani, matope, uchovu, na matusi kila mstari wa pili. Nilipofikia tusi la kwanza nilikohoa, nikaliruka. Mzee akageukia upande wa mkewe.

"Mwambie huyo Mmarekani, kortini hatukuruka neno."

Nilitazama huku na huku, ndipo nikang'amua kwamba Mmarekani ni mimi. Mzee asingeweza kunikemea mimi mke wa mtoto wake, lakini kumkemea Mmarekani hakuna mila iliyomkataza. Nikarudi nyuma, nikalisoma tusi lote. Mama mkwe alishika mchi, akaanza kutwanga kinu kitupu ili lisisikike.

"Hii kitabu ni ya shetani, bana! Ati mtu mzima anatukana mama ya mwenzake?"

Kesho yake yeye ndiye aliyetangulia kuweka kigoda.

Basi tukawa tunaongea hivyo. "Mwulize Mmarekani kama amekula." "Mmarekani anauliza kama Baba amekunywa dawa." Tukasoma kitabu cha maandamano ya kupinga vita, ambamo mwandishi anajisimulia kana kwamba ni mtu mwingine, mara anajisifu, mara anajicheka. Tukasoma cha pambano la ndondi lililopigwa Kinshasa, ambalo mzee alikuwa amelifuata redioni enzi zile. Alirusha ngumi hewani mpaka kikombe kikaanguka, nasi sote watatu tukacheka. Tulipofika kwenye kile kinene cha muuaji aliyekataa kukata rufaa, hakucheka. Alisema wakati mmoja ilimbidi amwambie mtu, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba atanyongwa.

"Hakimu alisema polepole, na mimi nikasema polepole. Ningepunguza kidogo, ningekuwa nimemdanganya."

Mimi mwandishi yule alinikera. Aliandika kuhusu wanawake kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Siku moja nilikifunga kitabu kwa kishindo.

"Mmarekani amechoka na upuuzi wake mwenyewe!"

Mama mkwe alishika mdomo. Kisha nikasikia mzee anacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa amesahau kucheka.

"Mwambie aendelee kugomba. Anagomba vizuri."

Tangu hapo nilibishana na kila ukurasa, na mzee akanijibu. Tangu niolewe, hakuna mtu katika boma lile aliyekuwa ameniuliza nafikiri nini. Nilifurahi mno.

Na hapo ndipo shida yangu ilipokuwa. Nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha ualimu, nami nilitaka kusoma kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote. Mume wangu, aliyeendesha trela kwenda Kampala, alisema, "Mzee akikubali, mimi sina neno." Nikamwendea mama mkwe.

"Na nani atamsomea?" akaniuliza. "Si umeona vile alikuwa? Unataka arudi kunyamaza?"

Hakuwa mbaya. Aliogopa tu, na mimi niliogopa vilevile. Niliahirisha mpaka nikachoka, halafu alasiri moja nikasema dirishani kwamba Mmarekani anauliza kama mtu aliyeitwa chuoni anaweza kuondoka kwa watu wanaomtegemea. Maharagwe yalisikika yakidondoka kwenye ungo. Mzee alijivutia koti lake.

"Mwambie Mmarekani baridi imeanza. Tutaendelea kesho."

Tukaendelea na kitabu, lakini swali langu halikuguswa. Nilisoma kwa sauti ya hasira siku zile, na siombi radhi.

Mwishoni mwa mwaka, siku chache kabla ya kutakiwa kuripoti chuoni, redio ilitangaza kwamba yule mwandishi amefariki huko kwao. Mzee aliisikia taarifa peke yake. Wakati wa kusoma ulipofika hakuketi. Alipapasa ukuta, akampita mkewe na ungo wake, akasimama dirishani karibu kabisa nami. Sikujua nikimbilie wapi.

"Mzee!" mama mkwe akaita.

"Mmarekani wetu amekufa," alisema. "Sasa hakuna wa kumtuma. Itabidi niseme mwenyewe."

Nilishika kitabu kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nenda shule."

Machozi yalinitoka. "Na nani atakusomea, Baba?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo ana kwa ana.

"Ningekujibu siku ile uliyouliza. Nilikuwa naogopa." Akatafuta kizingiti cha dirisha kwa vidole mpaka akakipata. "Umenisomea na hukuruka neno. Sasa kajisomee."

 Mama mkwe aliinuka, akachukua kigoda chake kutoka katikati, akakisogeza pembeni.