Ankol Mgonjwa Aliyeomba Blanketi

Wacha niseme mapema ndio aibu itoke njiani: mimi, Mama Shiru, mama wa maombi, mtu wa kuamka saa kumi na moja kusoma Zaburi, nilisimama kwa bedroom yangu mwenyewe nikisema amina, amina, huku mama sita wa kanisa wamewekelea mikono mto wa kulalia. Si mtu. Mto. Na sikuwanyamazisha. Sasa mkitaka kucheka anzeni, mimi nitaendelea tu.

Lakini lazima nianze na santuri, juu bila hizo mtadhani mimi ni mwendawazimu.

Mimi shule niliacha darasa la tano, nikarudi nikiwa na miaka thelathini na nane, masomo ya jioni hapo Ruiru, ile watu wanaita gumbaru wakidhani hatusikii. Mwalimu akatuambia kila mtu achague kitu anapenda, awe anaandika ukurasa mmoja kila wiki. Wenzangu wakaandika kuku, wakaandika mahindi, mmoja akaandika mume wake (akamaliza na ukurasa mmoja). Mimi nikakosa la kuandika, nikaenda kulia kwa ankol wangu Kamande kule Thika, mwenye zamani alikuwa na kibanda cha kuuza muziki, na yeye akanitolea santuri tano chini ya kitanda, zile ndogo, wimbo mmoja huku na mwingine nyuma, tundu kubwa katikati mpaka uweke kaplastiki ndio ikae kwa mashine. Na kila moja akanipa na stori yake. Hii kijana alinunua akaomba nayo msamaha kwa msichana, akarudishiwa ikiwa vipande viwili, akaja kununua ingine. Hii mwenyewe aliyeimba alikuja kuinunua kwa kibanda juu hakuwa na hata moja kwake. Nikaandika mpaka kalamu ikaisha wino.

Basi ndio hiyo ikanishika. Saa hii niko na santuri arobaini na tatu na madaftari sita, na sichukui santuri bila stori, ukinipea na huna stori, kaa nayo.

Shida ni kwamba hizo ni nyimbo za dunia. Za densi, za bar, za kuachana na kurudiana. Na ni nani alifundisha akina mama wa kanisa somo la kutoa nyimbo za dunia kwa nyumba, wiki tatu nzima, na mistari ya Biblia? Ni mimi. Shiru, binti yangu wa kidato cha tatu, nilimfutisha nyimbo zote kwa simu mbele ya wageni, mtoto analia, mimi nasema asante Yesu. (Zangu nilijiambia ni masomo.)

Na mjue kitu ingine. Jumapili iliyokuwa inakuja ningevishwa kitambaa cha uenyekiti wa akina mama, nichukue pahali pa Mama Kezia, mwenye amekikalia miaka kumi na miwili na sasa magoti yamekataa. Hicho kitambaa nilikitaka. Mtu wa gumbaru kusimama mbele na kusoma ripoti bila kusaidiwa! Nilikuwa nimeshapiga pasi nguo ya kuvaa.

Sasa, Alhamisi hiyo nilikuwa nimetoka Kahawa Sukari kwa nesi mmoja mstaafu, akanipa santuri ya dada fulani wa zamani anaimbia mpenzi wake kwamba kama hataki kurudi, sawa, lakini arudishe blanketi yake. Huyo nesi aliinunua na mshahara wake wa kwanza, kabla hata hajanunua sufuria, akaifunga na gazeti vizuri, akaifikisha nyumbani, ndio akakumbuka hana mashine ya kuicheza. Akaiangalia tu miaka miwili. Jamani, stori kama hiyo unaiwachaje mpaka kesho? Nikafika kwangu Mwiki, nikafunga mlango, pazia, nikaweka kamashine kangu ka kucheza santuri kwa kitanda, nikawasha.

Lakini mpira wa ndani ya hiyo mashine ulikuwa umelegea, na santuri ndogo inataka kuzunguka mbio, ikienda polepole sauti inashuka. Yule dada, mwenye sauti ya chiriku, akatoka kama mzee wa miaka themanini anazikwa akiwa hai. "Blaaankeeetiii... ruuudiiishaaa blaaankeeetiii yaaanguuu..." Nikasema si kitu, maneno nayasikia, nikachukua daftari.

Ukuta wetu hapo ni mwembamba, jirani akikoroga chai unajua ameweka vijiko vingapi. Mara ngo, ngo, ngo. Mama Brayo, wa mlango wa pili, tuko kikundi kimoja cha maombi.

"Mama Shiru, Bwana asifiwe."

"Amen, Mama Brayo, uko salama?"

"Mimi niko salama." Anaangalia juu ya bega langu. "Kwani Baba Shiru amekuja?"

Baba Shiru yuko kazi Mombasa, anakuja mwisho wa mwezi, na Mama Brayo anajua tarehe kuliko mimi. Na ndani, aki ya Mungu, santuri bado inazunguka, na mwanaume analia kutoka bedroom yangu saa nane mchana.

Hapo ndio nilikuwa na njia mbili. Ningesema, "Ni wimbo." Maneno mawili tu, na nipoteze kitambaa, na somo langu la wiki tatu ligeuke mzaha. Nikaona ile ingine ni rahisi.

"Ni ankol," nikasema. "Ankol Kamande wa Thika. Ni mgonjwa."

"Ngai! Mgonjwa sana?"

Kutoka ndani: "Blaaankeeetiii..."

"Unasikia mwenyewe," nikasema, na nikafunga mlango polepole kama mtu mwenye huzuni.

Mngedhani ningekuwa na akili, nikae siku moja kimya halafu niseme ankol amepata nafuu amerudi kwake. Hiyo ndio ilikuwa mpango. Lakini Ijumaa sikuwa nimepata maneno ya upande wa pili (ukurasa wa daftari ulikuwa umefika nusu), nikacheza tena, kidogo tu, nimeifunika na shuka. Jioni Mama Brayo ananikuta kwa kamba ya nguo, macho yamejaa machozi. "Leo amelia zaidi ya jana. Usijali, tumeongea kwa grupu, kesho tunakuja kumwona."

Nyinyi mnajua akina mama wa kanisa wakisema wanakuja kumwona mgonjwa. Hiyo si kuuliza, hiyo ni taarifa.

Jumamosi saa nne wakafika sita, Mama Kezia mbele na fimbo yake. Wamebeba uji kwa thamosi, ndizi, mikate miwili, mayai ya kienyeji, na Mama Brayo amebeba blanketi mpya, nzito, bado iko na karatasi yake. "Juu tulisikia vile anaomba," akasema. Nilitamani ardhi inimeze na hizo mayai.

Nikawapikia chai. Wakaimba. Wakasoma. Nikaanza kuomba Mungu (mnaona ujasiri?) waishie hapo sebuleni. Mama Kezia akaweka kikombe chini, akasema, "Haya, tupeleke kwa mgonjwa."

"Mama Kezia, analala. Na mwangaza unamuumiza macho, anajifunika mpaka kichwa."

"Hatutaki macho yake."

Kwa kitanda nilikuwa nimepanga mto mmoja wa kichwa, mwingine wa tumbo, kreti ya santuri kwa miguu, na kamashine hapo katikati, yote chini ya shuka na shali. Pazia zimefungwa, giza. Wakatandika blanketi mpya juu. Wakazunguka kitanda. Mama Kezia akaweka mkono pale kichwa kinafaa kuwa, akaguna.

"Huyu mzee amekwisha. Hana mfupa kabisa."

"Ni ugonjwa," nikasema.

Akainama, na sauti ya chini, ya mama kabisa, akauliza: "Mzee Kamande, umempokea Bwana?"

Wote wananiangalia.

"Anaitikia kwa kichwa," nikasema.

Wakasema haleluya. Wakaomba, na si maombi ya haraka, yale ya kulia, Mama Brayo amepiga magoti ameshika kreti akidhani ni miguu, anasema Baba toa hii baridi. Nami nasema amina. Nilisema amina kila walipovuta pumzi.

Na katikati ya hiyo amina nikasikia mlango wa sebule unafunguka, mtu anapiga mluzi, halafu kofia ya rangi ya majani ikaingia bedroom, na chini yake ankol Kamande, miaka sabini na sita, mashavu yameng'aa.

"Mko salama?" akasema, akanigeukia mimi. "Wambui, nimeambiwa huko Thika mimi niko hapa nakufa. Nikaona si vizuri nisikuje kuniona."

(Kumbe Mama Kezia ana dada Thika, wanaabudu na mke wa ankol. Simu mbili tu.)

Mama Brayo akaangalia ankol, akaangalia miguu ameshika, akaiwacha kama imemchoma. Mama Kezia akamuuliza, "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mgonjwa," ankol akasema. "Huyo mwingine ndio sijui."

Mama Kezia alivuta blanketi mpya, akavuta shali, akavuta shuka. Mto. Mto. Mashine. Kreti ya santuri zile zingine arobaini na mbili.

Nikawaambia. Yote. Gumbaru, madaftari, nesi wa Kahawa Sukari, yule dada na blanketi yake. Niliongea nikiangalia zulia.

"Washa," Mama Kezia akasema.

"Mama..."

"Nimesema washa, tumsikie huyu mgonjwa."

Nikawasha. "Blaaankeeetiii..." Mama mmoja akaruka akasema ashindwe! Ankol naye alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, "We kairitu, msichana wewe, unaua huyu dada," akasogea, akaweka kidole kando ya santuri, akaanza kuizungusha kwa mkono, mbio kidogo, kwa ule mwendo wake. Alikuwa anaujua bila kuangalia. Na yule mzee wa kaburini akapanda, akapanda, akageuka msichana, sauti safi, ya kuchokoza, anamwambia jamaa baridi ya Julai haijui mapenzi, lete blanketi. Ule wimbo ulikuwa mtamu, jamani. Mama sita wamesimama hapo na leso zao za maombi, na naapa mguu wa Mama Kezia, ule mbaya, uligonga sakafu mara tatu kabla hajaukataza.

Wimbo ukaisha. Mama Brayo akachukua blanketi yake, akaikunja, akaondoka bila kuaga. Hiyo ndio iliniuma kuliko yote yaliyofuata, mwambieni mkimwona.

Mama Kezia alibaki nyuma. "Wimbo, wacha Mungu aamue, mimi pia nilikuwa msichana," akasema. "Lakini umenifanya nihubirie mto, Mama Shiru. Nimeuliza mto kama umeokoka, na ukanijibu." Halafu akasema kesho hakuna kitambaa. Sikubishana. Ankol alikuwa ameshakaa kwa meza, anakula ndizi za mgonjwa.

Mngedhani imeisha. Kesho yake nikaenda kanisa (nikikosa itakuwa mbaya zaidi), nikakaa nyuma. Pastor akasimama akatangaza: "Mama Shiru ameomba tumpe muda, anauguza ankol wake, kwa hivyo Mama Kezia ataendelea. Tusimame tumwombee Mzee Kamande." Nikaangalia mbele. Mama watano wanaangalia viatu vyao. Hao watano walikuwa wameona aibu kusema ukweli, kwamba akina mama wote wa maombi waliombea kreti, wakaamua kumwacha ankol awe mgonjwa tu. Kanisa nzima ikasimama. Watoto wakafumba macho.

Ibada ikiisha, Pastor ananishika mkono hapo mlangoni. "Jumanne nitakuja mimi mwenyewe nimwone mzee." Mama Kezia amesimama karibu, na nikaona mdomo wake umeanza kufunguka. Mama wa miaka sabini, sijawahi kumsikia akidanganya hata umri. Alikuwa karibu aanze kudanganya, na ni kwa sababu yangu.

Nikamtangulia. Nikasema, na sauti ya kusikika mpaka kwa wale wanachukua baiskeli zao: "Pastor, ankol si mgonjwa. Ankol ni santuri."

Sitawaambia nyuso zao. Kitambaa nimeambiwa tuongee mwaka ujao, labda. Mama Brayo ananisalimia lakini kwa mbali, ile ya kuinua mkono. Shiru nilimwambia arudishe nyimbo zake kwa simu, akaniuliza kama niko na homa.

Santuri sijaziacha, wala sitaziacha. Nilichoacha ni kusingizia watu ugonjwa. Nimeapa mbele za Mungu, na nimeiandika kwa daftari: mtu akibisha na kuuliza ni nani huyo analia ndani, nitafungua mlango wote, nimtajie jina la aliyeimba, nimwambie ni upande gani tunasikiza, na nimuulize kama anakunywa chai.