Sikio la Jagi

Enid Tuppen alikuwa hajui kuchora sikio. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaokuja siku hizi kutazama picha zilizoko kwenye ukuta wa baa yangu hudhani alikuwa msanii mkubwa, na mimi huwaacha wadhani hivyo hadi wanunue bia. Ukweli ni kwamba alikuwa mchora kofia. Duka moja la kofia kule Maidstone lilimpa kazi ya kuchora matangazo yake ya gazetini, na chini ya kila kofia aliweka kichwa cha mwanamke mwenye shingo ndefu na pua ndogo. Kofia za wakati ule zilishuka hadi mashavuni. Enid alichora vichwa miaka nenda rudi bila kukutana na sikio hata moja.

Vita na Wajerumani vilipoanza, duka likaacha kutangaza. Enid akabaki na penseli zake na paka wake, akawa anakuja kukaa dirishani kwangu kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na baridi na mimi nilikuwa rafiki yake tangu shuleni. Sisi wa kijiji cha Pettlesham tulikuwa na uwanja wa ndege za kivita nyuma ya mashamba ya matufaha, na marubani wake wakishamaliza kazi walikuja kunywa kwangu. Nilikuwa nimetarajia wanaume wenye masharubu. Wakaja vijana ambao bado walikuwa wanatumiwa soksi na mama zao.

Mkuu wa kikosi alimkuta Enid akimchora paka, akamwomba awachore vijana wake ili picha zipambe ukuta wa chumba chao cha kulia. Wa kwanza kukaa kitini alikuwa Ambrose Fitch, mpole, mwekundu wa nywele. Enid alimchora vizuri sana, akamwonyesha, na baa nzima ikaangua kicheko. Alikuwa amemfunga kifungo cha juu cha koti. Rubani wa ndege ya kivita huacha kifungo hicho wazi, ndivyo wanavyojitofautisha na wale wanaobeba mabomu, na mtu akikifunga ni kama amejivua cheo.

"Bi Enid," Fitch akasema kwa adabu, "unataka wenzangu wanifikirie karani wa posta?"

Enid akachukua mkate wangu, akafinyanga chembe yake laini, akakifuta kile kifungo. Huo ulikuwa mwanzo wa mkate wangu kuliwa na penseli. Nilinung'unika sana, lakini sikuufungia kabatini, kwa maana sikuwahi kumwona Enid na furaha kiasi kile. Masikio aliyowachorea yalikuwa kama vipande vya mkate vilivyolowa chai. Hakuna aliyejali. Kila mmoja aliyacheka ya mwenzake.

Kisha ukaja mwezi wa Agosti. Enid alimaliza picha ya Fitch, akaitia sahihi, na Fitch akapaa na hakurudi. Akammaliza mwingine, naye hakurudi. Alipommaliza wa tatu na mambo yakawa yale yale, maneno yakaanza. Hawa ni watu waliokataa kupigwa picha kabla ya kuruka, na mmoja wao alivaa skafu ile ile kipindi chote cha joto bila kuifua. Hakuna aliyemwambia Enid chochote. Walimsalimia vizuri, wakaenda kukaa upande wa pili, na kiti cha dirishani kikabaki kitupu.

Enid hakuwa mjinga. Alinifuata jikoni akiwa ameshika penseli zake mkononi.

"Shoga, penseli yangu inaua watu."

"Wanaoua watu ni Wajerumani," nikamwambia. "Wewe usijipe ukubwa."

Nilikuwa mkali kwa sababu niliogopa. Niliona anavyoziweka zile penseli kwenye kopo la biskuti na kulifunga kifuniko kama mtu anayezika kitu. Baada ya hapo akajitia kunisaidia kuosha glasi, akazivunja mpaka mume wangu Percy akamwomba kwa heshima zote akakae. Akakaa, mikono mapajani, hana la kufanya. Ilinichoma roho kumtazama.

Aliyekuja kulifungua kopo ni Lionel Garrod. Wenzake walimwita Jagi, kwa sababu masikio yake yalitokeza kila upande kama mikono ya jagi, na ukimwona amesimama mlangoni, jua likiwa nyuma yake, yaling'aa mekundu. Mchana mmoja alivuka baa nzima wenzake wakimtazama, akaketi kwenye kiti cha dirishani, akavua kofia.

"Bi Enid, nichore."

"Sichori tena."

"Nichore, ila usinimalize. Acha sikio moja. Itabidi nirudi unimalizie, si ndiyo? Siwezi kwenda mbinguni na sikio moja, malaika watakataa kunitambua."

Rubani mmoja akasema kutoka kaunta kwamba aache yote mawili, kwa kuwa karatasi yenyewe haitoshi. Hata Enid akacheka, kicheko cha kwanza baada ya muda mrefu, akaniomba kopo.

"Niache lipi?" akauliza.

"La kushoto. Lakini siku ya kulichora ulitazame vizuri, usinichoree mkate. Masikio haya ni ya mama yangu. Kwa baba nimepata jina tu."

"Nitajifunza," Enid akasema. "Ukirudi, nitalichora sawasawa. Nakuahidi."

Alimchora, akaacha upande wa kushoto wa kichwa mweupe. Jagi akaruka kesho yake, akarudi, akaigonga picha kwa kidole, akasema, "Bado." Hapo wote wakataka yao. Huyu aliacha nyusi, yule bega, mwingine alitaka pua iachwe lakini Enid akamkatalia, akamwambia kuna mipaka. Ikawa desturi ya kikosi kizima, wakiingia wanagonga picha zao, zilizobaki ukutani kwangu kwa kuwa hazijaisha, na kusema bado, ndipo wanaagiza bia.

Sitadanganya. Wapo walioacha nyusi na hawakurudi. Enid hakuzigusa picha hizo tena, aliwapa mama zao kama zilivyo. Lakini hakuna aliyeilaumu tena penseli, na kiti hakikukaa kitupu.

Mwezi wa Septemba ndege ya Jagi ikashika moto juu ya pwani. Aliruka kwa mwavuli, tukaambiwa yu hai, ameungua, amepelekwa hospitali ya mbali na hatakiwi kutembelewa. Enid aliisikiliza habari hiyo mpaka mwisho, akaiweka picha ya Jagi juu ya kabati langu la glasi, akaanza kujifunza masikio.

Kipindi chote cha baridi hakuna aliyekunywa kwangu kwa amani. Uliagiza bia, ukaambiwa geuza kichwa. Alichora masikio ya mchungaji, ya tarishi, na ya Percy, ambayo yana manyoya na yalihitaji penseli laini zaidi. Mwanzoni yalikuwa bado mkate. Lakini kidogo kidogo yakaanza kuwa masikio, na kufikia mwisho wa baridi ungeweza kuyajua ya nani bila kuuliza. Nilimuuliza kama si bora apumzike. Akanijibu kwamba aliahidi.

Jagi alikuja katika majira ya machipuko, saa za mchana, ameongozana na mwanamke mnene aliyevaa kofia ya kizamani ya kushuka mashavuni. Upande wa kulia alikuwa yule yule. Upande wa kushoto, shavu lilikuwa jipya, jekundu, linang'aa, na sikio halikuwepo. Palikuwa na tundu na mkunjo mdogo, basi. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, na koti lake lilikuwa limefungwa hadi kifungo cha juu.

Alivuka mpaka dirishani, akaketi kwenye kiti chake.

"Nimekuja unimalizie."

Nilimshushia Enid picha. Akachonga penseli, akaichonga tena, akamtazama Jagi, akaitazama ile sehemu nyeupe. Miezi yote ile ya masikio ya watu, na sasa hana la kutazama. Machozi yakamlengalenga.

"Lionel, nimejifunza," akasema. "Lakini nitachora nini?"

"Nilishakwambia masikio haya ni ya nani," Jagi akajibu, akasimama, akampisha yule mwanamke kitini. "Mama, vua kofia."

Bibi Garrod akavua kofia. Akakusanya nywele zake za mvi kwa mkono, akazisogeza nyuma, akageuka kwenye mwanga wa dirisha. Na lile sikio lilikuwa pale, limetokeza kama mkono wa jagi, jekundu kwa jua.

"Chukua muda wako, binti," akasema. "Sina pa kwenda."

Enid akachora. Nilienda nyuma ya mapipa nikalia, wala sioni haya kusema. Niliporudi alikuwa anaweka sahihi, na mama mtu alikuwa ameinama juu ya picha, kidole hewani karibu na lile sikio, asiliguse lisije likachafuka.

Enid akaitazama picha, akamtazama Jagi, akakunja uso kama anayeona kosa. Akainuka, akamfikia, akamfungua kifungo cha juu cha koti.

"Mimi ndiye niliyemfunga," Bibi Garrod akasema. "Vidole vyake haviwezi, na nje kuna baridi. Atapata kikohozi."

"Ni rubani, mama," Enid akasema, na akakiacha wazi.