Kabuti la Babu

Jana jioni, kwenye bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, nilimwona mlinzi amevaa kabuti, koti zito la kufika magotini, na joto lote hili. Nikakumbuka alasiri ile ya utotoni mwangu, Baba alipozitoa sadaka nguo za Babu, baada ya mazishi.

Sebule ilinuka udi. Kabuti alipewa Mzee Barasa, mtu wa bara, mlinzi wa mtaa wetu.

"Kumbe nanyi mwaliita kabuti? Hata kwetu ni hivyo hivyo," alisema.

Ami Saidi, jirani yetu, akadakia: "Neno letu hilo, sisi Waarabu. Mumetuibia nyote!"

"Basi livae wewe, na kijasho chako hicho," Baba akamwambia, na watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Babu alitetemeka kwa homa mpaka mwisho, na nilidhani huko alikokwenda bado asikia baridi, kwamba atarudi kulitafuta. Nikaung'ang'ania mkono wa kabuti. Nilitaka kusema, "Baba, usilitoe," lakini mbele ya wageni sauti yangu haitoki, hata leo.

"Liwache, mwanangu," Baba alisema taratibu. "Sasa ni la watu."

Nikaliacha.

Siku hizi najua kwamba thawabu ya sadaka ile ndiyo iliyomfuata Babu, si baridi. Hata hivyo jana nilisimama nyuma ya yule mlinzi mpaka akageuka.

"Wataka nini, dada?"

"Hakuna," nikasema.

Nilitaka kuushika mkono wa kabuti tu.