Mto wa Sukari

Jana mjukuu wangu alikuwa akitengeneza maji ya sukari ya kupamba keki. Sukari ikamwungulia kwenye sufuria, nami nikatoka nje kwa ile harufu.

Kule Kimulot, nilipokuwa mtoto, baba alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la majani chai. Wiki moja mto ulimchukua dada yangu mdogo tulipokwenda kuteka maji. Baba hakuruhusiwa kukaa matanga, kwa sababu mtoto wa memsahib, mke wa meneja, alitaka keki ya sikukuu yake ya kuzaliwa iwe na mto. Akachemsha sukari mpaka ikawa kama kioo, akaimwaga juu ya keki, akaivuta kwa uma ingali moto ili ifanye mawimbi.

Jioni alituletea kipande kwenye karatasi. Maji yalikuwa yanang'aa, na bata mweupe wa sukari ameelea juu yake.

"Kuleni," akasema. "Wamesema ni kama maji kabisa."

Mama alikitazama sana. "Baba watoto, umetengeneza mto?"

"Nilitumwa."

Mama akakitupa motoni. Yale maji yakafura, yakawa meusi. Baba aliinama, akaupuliza moto usizimike.