Bi Kudra na Betri Zilizomletea Kesi

Gaudensi alisimamisha lori langoni ili mlinzi afungue, injini ikazima. Alipobonyeza starti kikasikika kitu kama ulimi unaosonya, basi. Redio iliyokuwa ikisoma kwa Kirundi majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao ikafifia, ikanyamaza.

"Umetuletea maiti tena?" mlinzi akauliza.

"Acha mdomo, leta bega."

Tukashuka kusukuma. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye yadi ya shirika, pembeni ya barabara ya Kigoma kwenda Ujiji, mji nisioujua, nikiwa nyuma ya lori nililopanda Kasulu, kalamu na daftari mfukoni. Ilikuwa mwanzo wa mwaka tisini na saba. Familia zilizovuka ziwa kutoka Zaire zilikuwa zimeketi kando ya ukuta na masufuria yao, zikisubiri kupelekwa kambini. Malori ya kuwapeleka yalikuwa manne, yote yamestaafu jeshini huko Ulaya. Yalipakwa rangi nyeupe, lakini kila palipochubuka palichungulia kijani.

Katikati ya yadi mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi alikuwa akisoma barua kwa sauti. Huyo alikuwa Nickson, mkuu wa usafirishaji, aliyehamishiwa Kigoma kutoka Mbeya. Mbele yake alisimama mwanamke wa miaka arobaini na kitu, kanga kaifunga kiunoni juu ya suruali ya kazi, taa ya kupimia ikining'inia shingoni kwa waya wake.

"Betri sita zimekufa ndani ya miezi miwili," Nickson alisoma. "Fundi anashukiwa kubadilisha betri nzima kwa mbovu. Akiri kwa saini, aondoke kimya kimya."

"Kimya kimya huondoka paka aliyekula samaki," akajibu mwanamke. "Mimi sisaini."

Mwanamke huyo, Bi Kudra, ni mzaliwa wa Ujiji. Umeme wa magari alifundishwa kwenye Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, na wakati wa vita vya Kagera alitengeneza malori ya jeshi mpaka akayajua kwa mlio. Aliporudi nyumbani akaomba kazi gereji moja mjini. Mwenye gereji akamwambia mafundi anao, hana wa kuwasongea ugali. Akasonga siku moja. Siku ya pili lori la mwenye gereji likakataa kuwaka, na wakati mzee huyo anazunguka mji akitafuta fundi, Bi Kudra akaliwasha. Ugali wake haukuliwa tena pale.

Malori haya yalipofika, madereva walidhani taa zote zimekufa. Yeye ndiye aliyewaonyesha swichi yenye kituo cha vita, kinachozima kila taa ili ndege ya adui isilione gari. Tangu siku hiyo walimwita Fundi bila kutaja jina.

Sasa Fundi alifungua sanduku la betri la lori tulilolisukuma, akachukua mita, akamkabidhi Nickson.

"Soma wewe, bosi. Nisije nikaambiwa nasoma ninavyotaka."

Nickson akasita, akainama. "Volti kumi na mbili na nusu."

"Na ya pili?"

"Kumi. Haifiki."

"Twende lori jingine."

Wakaenda kwenye mawili yaliyokuwa yamelala kwa kukosa moto. Watu walioketi ukutani wakainuka na kuwafuata kama wanafuata bwana harusi. Kote ilikuwa vilevile: betri moja nzima, mwenzake hoi. Na hoi siku zote ni ile ya kushoto, ambayo waya wake umefungwa kwenye chasisi.

"Mwizi gani huyu anabagua?" Bi Kudra akauliza. "Kila lori anaiba ya kushoto, ya kulia anaiachia sadaka?"

Watu wakacheka. Nickson hakucheka.

Bi Kudra akarudi kwenye lori letu, akainua zulia la miguuni na kuvuta waya mwekundu. Ulitoka katikati ya betri zile mbili, ukapita chini ya kiti, ukaishia kwenye redio.

Gaudensi akavua kofia. "Ego, ndiyo, mama. Niliunga mimi. Wenzangu wakaiga. Redio inataka volti kumi na mbili, lori lina ishirini na nne. Tukasema tuchukue betri moja tu, ya pili ibaki kupiga starti."

"Mnapiga makasia wawili kwenye mtumbwi," akamjibu. "Mmoja nimpe kazi ya pili kutwa nzima. Mtafika kijiji cha Mwamgongo, au mtazunguka palepale?"

"Ng'oa hizo redio zote," Nickson akaamuru. "Kesi imekwisha."

"Redio haing'oki."

"Bi Kudra!"

"Muulize huyu." Akamwonyesha mama aliyekuwa ameegemea mlango wa lori tangu tulipoingia, sikio likielekea redio iliyozimika. Aliitwa Eufrasia. Akasema kwa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa kwamba mtoto wake wa miaka saba walipotezana Uvira, kwenye msukumano wa kupanda boti.

Nickson akamrudishia Bi Kudra mita.

Bi Kudra akaenda kwenye lundo la betri zilizoandikwa kuwa zimekufa. Akachagua moja aliyoichaji upya, akaifunga nyuma ya kiti kwa ajili ya redio peke yake. Kwenye sanduku akatia pea inayolingana kutoka lundo hilohilo. Gaudensi akabonyeza, na lori likaunguruma kwa jaribio la kwanza. Redio ikarudi kwenye majina.

"Vizuri," Nickson akasema. "Nitaandika kwamba chanzo hakijulikani."

"Umekisoma mwenyewe kwenye mita. Andika kwamba sikuiba."

"Barua imeshakwenda makao makuu Kasulu asubuhi hii. Nikiandika nyingine, wataniuliza niliagiza za nini betri mpya sita."

"Wakuulize. Mimi naifuata barua yangu."

Akapakia zile betri mbili za lori letu, nzima na hoi, kila moja imepigwa alama ya rangi. Familia zikapanda, Eufrasia akisukumwa mbele karibu na redio. Kiti nilichokalia kutoka Kasulu akakikalia yeye. Akachungulia dirishani, akaniita.

"Mgeni, una kalamu. Pea za malori yale mawili zina rangi yangu. Mtu akizigusa kabla sijarudi, andika jina lake."

"Na wasipokusikiliza huko?"

"Watanisikiliza nikiwa nimesimama. Nimeshakaa sana." Akampiga Gaudensi begani. "Twende, bwana redio!"

Lori likatoka langoni na kuushika mlima. Nikaketi juu ya sanduku la betri la mojawapo ya yale malori mawili, kalamu mkononi. Baada ya muda Nickson akatoka ofisini na spana ya kufungulia betri mkononi, akanikuta, akasimama. Akanitazama mimi, akaitazama kalamu, kisha akauliza kama nimekula.