Maneno ya ku meza yangu yalifika ku biro ya serikali

Admin, nakuomba ufiche jina langu na ile picha yangu ya nguo ya njano, juu ya vile huku kwetu Katuba bantu bananitambua ku kitu kidogo tu. Niko mwanamuke wa miaka makumi tatu na ine, nashona nguo, niko na bwana na batoto batatu. Majina yote nimebadilisha. Na kama weye admin unatumikia bale bantu ba serikali, basi samahani, futa hii message, tukuwe sawa hatujuane.

Bwana yangu, tumuite Papa Zaina, mwaka jana alipata kazi ku sosiete moja ya kripto, ile pesa yenye haina noti, inakaa mu telefone tu. Anaweka meza ku soko, anapiga bantu picha ya sura na ya macho, kisha banapata kripto kidogo. Nilimuuliza: "Shefu yako ni nani?" Akasema: "Iko ku internet." "Na biro yake iko wapi?" "Ku internet." Yesu Maria! Hata mushahara wake unakuya na kripto. Yeye njo anapiga bantu sura, lakini sura ya mwenye kumulipa hajaiona hata siku moja.

Mu kartie yetu, bajirani balianza kusema kama ile macho inaenda ku bantu ba usalama. Mama mumoja mwenye ananiletea bitenge alisema: "Bakisha kuchukua macho yako, hata ukijificha mu shimo ya madini batakuona." Tulicheka, lakini alibeba kitenge chake akapeleka kwa fundi mwengine.

Yaya yangu Ngoy, kaka mukubwa wetu mu familia, haogopi muntu. Siku moja ya Mungu, kisha kanisa, alikuya kula bukari na samaki kwangu. Tulikuwa batatu tu ku meza: yeye, mimi na bwana yangu. Akasema: "Mimi nitaambia kartie yote bakatae. Macho yangu Mungu alinipa bure, serikali isiyatafute na bei ya chumvi!" Tulicheka sana, bwana yangu njo alicheka kutupita shiye bote. Kisha siku chache yaya akaitwa ku biro fulani ya serikali. Muntu mwenye alimupokea akamupa kiti, akatabasamu, akamuuliza: "Mzee Ngoy, chumvi iko bei gani siku hizi?"

Yaya alirudi midomo imekauka. Alisema ni telefone yangu njo ilisikia, juu ya vile ilikuwa inalala pale ku meza kando ya mboga. Bwana yangu naye akakubali: "Njo teknolojia, Mama Zaina, inasikia hata ukiizima." Alinieleza muzuri sana, nikaamini. Nikaanza kuweka telefone mu sufuria na kifuniko, batoto bananicheka.

Lakini roho yangu ilikataa. Siku moja niliacha telefone zote mu nyumba, nikamuita bwana yangu nyuma ya nyumba tuchume mboga ya lengalenga. Nikamuambia uongo, nilipika mwenyewe: "Yaya anaenda Kasomeno kuambia bantu ba kule bakatae macho." Hakuna muntu mwengine niliambia. Hata Mungu nilimuambia kisha.

Juma haikuisha. Yaya akaingia kwangu na hasira: "Baliniita tena! Banauliza nitafanya nini Kasomeno. Mimi na Kasomeno, wapi na wapi? Nani alibapa Kasomeno?" Nilikuwa na mukasi mu mukono, nikakata nguo ya muntu vibaya kabisa. Haikukuwa telefone. Ilikuwa bwana yangu.

Niliinama kuokota bipande, na yaya aliona vile namuficha macho. Akasema: "Yote inatoka mu hii nyumba. Bwana yako ni muntu wa kuoa tu, lakini weye ni damu yangu. Kikulacho kiko mu nguo yako. Mpaka siku utaniambia kweli, usikanyage kwangu."

Na binti yake Mado anaolewa siku ya posho hii, Jumamosi. Mimi njo shangazi yake mumoja tu. Kwetu shangazi njo anafunga mulango na bibi-harusi, anamufundisha mambo ya ndoa. Ule mutoto nilimubeba ku mugongo! Sasa banasema shangazi mwenye masikio ya serikali hawezi kufungiwa mulango na mutoto wao. Batatafuta mwengine.

Inaniuma juu miaka yote nilijisifu na huyu bwana. Ba rafiki yangu balinionea wivu. Ba bwana yao banarudi, banakula, banalala. Wangu ananiuliza: leo nani alikuya kushona, alisema nini, bwana yake anatumika kazi wapi? Mimi nilisema njo mapendo. Sasa akiuliza tu, nahesabu kila neno mbele ya kumujibia. Na bado ni mwema, mutoto akipata homa yeye njo anamubeba. Balimulazimisha? Ao alikubali mwenyewe? Naogopa kumuuliza, juu akijua kama najua, sijui ataenda kusema nini juu yangu.

Nikimuambia yaya, bijana ba kartie batachoma ile meza na mwenyewe ndani ya moto. Ni baba ya batoto yangu. Nikinyamaza, kwetu nimekufa.

Jana Mado alinipigia, analia: "Shangazi, sema tu kama haiko weye. Papa yangu atakusikia. Sema, sitakubali muntu mwengine anifundishe." Bwana yangu alikuwa pembeni. Akaniuliza na ile sauti yake ya upole: "Anasema nini?"

Nikamujibia: "Anakusalimia."

Mado alisikia ile jibu yangu, akaona sitasema, akakata telefone. Tangu jana namupigia, hajibu.

Ba dada, ba mama, munijibie hapa hapa chini, musiniandikie pembeni, juu telefone yangu bwana anaifungua. Hii naandika na ya mushonaji mwenzangu. Siku ya posho inafika. Nifanye nini, na nianze na nani: yaya yangu, ao baba ya batoto yangu?